Tujengapo nyumba tusisahau kivuli

Mama yangu alipokuja kunizuru kwa mara ya kwanza baada ya mimi kuhamia katika nyumba niliyoijenga Kitengela, alikaa siku nne. Katika siku hizo nilimwona akifanya jambo ambalo sikulitambua maana yake upesi. Saa tatu asubuhi alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki upande wa magharibi wa tangi la maji. Saa sita alikuwa amekivuta kiti hadi chini ya ukingo wa paa. Saa tisa alikuwa upande wa mashariki wa lile tangi, ameliegemea ilhali lina joto kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi. Alikuwa akikifuata kivuli, nacho kila kilipohama alihama nacho.

Siku ya nne aliniuliza, “Baba, hapa kwako hapana mti wa mtu kukaa?” Nikamwambia kuwa sebule ipo, na viti vipo. Akanijibu kwamba sebuleni hukaa televisheni. Yeye aliuliza mahali pa mtu.

Nina aibu kueleza kilichotangulia swali hilo, lakini makala haya hayatakuwa na maana nikikificha. Mti ulikuwapo. Kiwanja changu kimepakana na kijito cha msimu, na nilipokinunua kilikuwa na mgunga mmoja mkubwa, wa aina ile yenye gome la rangi ya kijani iliyochanganyika na manjano. Mzee mmoja Mmaasai aliyekuwa akilisha ng’ombe karibu na hapo aliniambia kuwa kwa lugha yao mti huo huitwa olerai, na kwamba mifugo yake ilizoea kupumzika chini yake adhuhuri. Mimi ni mtu wa isimu, na neno geni kwangu ni kama sukari kwa mtoto. Nilitoa daftari nikaliandika neno hilo kwa uangalifu mkubwa, pamoja na tarehe na maelezo ya matamshi. Majuma mawili baadaye fundi aliniarifu kuwa lori la kokoto halingeweza kugeuka kwa sababu ya mti ule. Nikampa ruhusa aukate. Kazi hiyo ilichukua nusu ya siku, na wafanyakazi walizipikia kuni zake kwa muda wa mwezi mzima. Daftari ninalo hadi leo.

Sidhani kuwa mimi ni wa pekee. Tazama jinsi tunavyojenga Kitengela, Juja, Ruai na Mlolongo. Mtu hununua kiwanja cha futi 50 kwa 100, yaani thumuni ya ekari au pungufu kidogo. Jambo la kwanza ni kung’oa kila kilichoota. La pili ni kusimamisha ukuta. Nyumba ikisha kuezekwa, sehemu iliyosalia hufunikwa kwa kabro kutoka lango hadi mlango wa jikoni, ati ili tope lisiingie ndani. Kabro hunywa jua mchana kutwa na kulitapika usiku. Kisha mwenye nyumba hununua feni na kuanza kulalamikia bili ya umeme.

Wazee wetu hawakuwa hivyo, na ushahidi umo katika majina ya mahali. Mombasa kuna Mwembe Tayari. Lamu, uwanja ulio mbele ya ngome ni Mkunguni. Murang’a kuna Makuyu, Makueni kuna Mukuyuni, na Meru kuna Mikinduri. Mtu hupaita mahali kwa jina la mti wakati ambapo mti huo ndio jambo kuu la pale: ndipo soko lilipokutania, ndipo kesi ziliposikilizwa, ndipo msafiri alipotua mzigo. Sijui mitaa yetu mipya itaitwaje kwa kipimo hicho. Pengine Tangini.

Mwaka uliopita niliwauliza wanafunzi wangu wa mwaka wa pili wanitajie majina ya miti inayoonekana kutoka madirisha ya ukumbi wa mihadhara. Walikuwa wapatao arubaini. Mwembe waliujua, ingawa kadhaa waliuita “mti wa maembe”. Mjakaranda waliuita “ule mti wa maua ya zambarau”. Nikawauliza zambarau ni nini. Ni rangi, wakasema. Hakuna hata mmoja aliyejua kwamba zambarau ni tunda, kwamba rangi hiyo ilipata jina kutokana na tunda hilo, na kwamba tunda huzaliwa na mzambarau, mti wa kivuli kizito unaoonekana pwani na katika sehemu nyingi za magharibi mwa nchi. Rangi imesalia, mti umepotea akilini.

Siwalaumu. Kiswahili kimekuwa na ukarimu mkubwa kwa miti: kila mgeni aliyefika alivishwa kiambishi cha ngeli ya M-MI akawa mwenyeji. Mjakaranda ulitoka Amerika Kusini, mgrevilea na mkaratusi Australia, mwarobaini huko India na jirani zake, na mkrismasi wenye maua mekundu ulitoka Madagaska. Yote tunaiita kana kwamba ilizaliwa hapa. Ile iliyozaliwa hapa kweli ndiyo tunayoishiwa na majina yake, kwa kuwa majina yenyewe aghalabu yamo katika lugha za mama, nazo tumezitupia kisogo. (Neno kivuli nalo lina mashaka yake. Magazeti yametuzoesha “waziri kivuli”, mtu asiye na wizara. Kivuli ninachokiandikia hapa ni kile kinachokalika.)

Turudi Kitengela. Swali la Mama lilinichoma, nami nikataka jibu la haraka. Mwuzaji wa miche kando ya barabara aliniahidi kuwa mkaratusi ungelipita paa katika muda wa miaka mitatu. Nikapanda miwili, hatua nne tu kutoka ukuta wa magharibi. Mwuzaji hakudanganya, ililipita paa. Lakini majani ya mkaratusi uliokomaa huning’inia wima kama visu vilivyotundikwa, na jua hupenya katikati yake. Kivuli nilichokipata kilikuwa cha kuchungulia. Chini yake hapakuota kitu cha maana. Baya zaidi, udongo wa Kitengela ni ule mweusi wa mfinyanzi, ambao huvimba unyeshewapo na kusinyaa ukaukapo. Mti unaofyonza maji mengi ukiwa jirani na msingi huuzidishia udongo huo kusinyaa. Mwaka wa nne ufa ulianza kwenye pembe ya dirisha la chumba cha kulala, ukashuka hadi sakafuni. Mwaka wa tano niliikata yote miwili.

Mkaratusi wenyewe hauna hatia. Uliletwa nchini mwaka 1902 ili utoe kuni za garimoshi, na kazi hiyo uliiweza barabara. Hata leo mkulima mwenye shamba kubwa anayetaka nguzo na mbao hana sababu ya kuuchukia, mradi asiupande palipo na maji ya umma. Itakumbukwa kuwa mwaka 2009 marehemu John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Mazingira, aliagiza mikaratusi iliyo kandokando ya mito na chemchemi iondolewe. Kosa lilikuwa langu la kuuomba mti wa kuni unipe kivuli cha baraza.

Kosa jingine lilikuwa la mapenzi. Mama alipokuja mara ya pili alinibebea kwenye basi, kutoka nyumbani Kakamega, mche wa lusiola, mti ambao Wajaluo huuita siala. Ni mti mzuri: shina limenyooka, maua ni ya manjano, na mbao zake zinajulikana kote magharibi. Lakini umezoea udongo mwekundu na mvua nyingi. Kitengela ulisinzia miezi saba, ukafa. Nilimficha Mama habari hiyo kwa muda mrefu kuliko inavyofaa kwa mtu wa umri wangu.

Baada ya hasara hizo ndipo nilipoanza kuuliza maswali ambayo ningaliyauliza kabla ya kuleta kokoto. Swali la kwanza si “mti gani ni mzuri?” bali “udongo huu na mvua hii hulea mti gani?” Jibu liko nje ya ukuta. Tembea kilomita mbili katika mtaa wako, tazama miti mikubwa iliyostawi bila ya mtu kuinyweshea, kisha uulize majina yake. Mwarobaini, au mkilifi kama wengine wauitavyo, ni baraka Kilifi na sehemu za joto za Ukambani, lakini nyanda za baridi huuchosha, nao hauwezi kusimamiwa na maji. Mwembe ni mfalme wa kivuli pwani; Limuru utaota kwa chuki. Mkungu hutandaza matawi yake kama sinia juu ya sinia, na mtu wa Mombasa mwenye uwanja hahitaji kutafuta zaidi, ila awe na ufagio. Katika nyanda za juu zisizo na mvua nyingi kuna mukinduri, kama uitwavyo kwa Kikuyu, wenye majani ya rangi ya fedha upande wa chini. Palipo na udongo wenye rutuba kuna muringa, ambao Watanzania huuita mringaringa, wenye majani mapana na maua meupe. Kuna pia mzeituni mwitu, ambao Wamaasai huuita oloirien na kuvitumia vijinga vyake kusafishia vibuyu vya maziwa. Huo hukua polepole mno, hivyo anayeupanda awe anawafikiria wajukuu.

Swali la pili ni la nafasi. Mgumo na mkuyu ni miti ya heshima, na mnamo Novemba 2020 tulishuhudia mgumo wa zaidi ya karne moja uliokuwa kando ya Waiyaki Way ukinusurika kwa amri ya Rais, barabara ya juu ilipokuwa ikijengwa. Lakini hata mgumo uliopewa hifadhi na Rais haufai kupandwa mita tatu kutoka tangi la maji taka. Mizizi yake haibishi hodi. Mti wa kimo cha wastani uwe mbali na msingi kwa mita tano au sita. Ile yenye mizizi mikorofi ipewe mita kumi na zaidi, au ipandwe kwenye uwanja wa shule. Mwenye kiwanja cha futi 50 kwa 100 ana nafasi ya mti mmoja, pengine miwili. Basi achague kama achaguaye mkwe.

Yupo atakayekwepa tatizo la nafasi kwa kununua ile miti myembamba mirefu ya Kihindi inayopangwa mbele ya hoteli kama askari kwenye gwaride. Inapendeza macho. Ila wahenga walikwisha kusema kuwa kivuli cha fimbo hakimfichi mtu jua.

La tatu ni jua lenyewe, na hapa vitabu vinaweza kutupotosha. Vingi vya bustani vinavyouzwa madukani mwetu viliandikwa katika nchi za kaskazini, ambako jua la adhuhuri hukaa upande wa kusini mwaka mzima, na ambako mti unaopukutisha majani husifiwa kwa kuliacha jua la kipupwe lipenye madirishani. Sisi tuko kwenye ikweta. Jua la Juni hupitia kaskazini yetu, la Desemba kusini yetu, na Machi na Septemba hutupita utosini. Ukuta wa kaskazini na wa kusini hupokezana adhabu, lakini ukuta wa magharibi hauna likizo: kila alasiri yenye jua hupigwa wakati ambapo hewa imekwisha kupata moto. Kwa hiyo mti wa kwanza wa nyumba uwe upande wa magharibi, ukielekea kusini kidogo, kwa kuwa katika miezi yetu ya joto, Januari hadi katikati ya Machi, ndiko jua linakotulia. Nafasi isipokuwapo huko, upande wa mashariki utakupa angaa asubuhi za raha.

Kuhusu upandaji wenyewe, nitasema yale niliyoyafanya nilipopanda mukinduri wangu Novemba ya 2019, mita sita kutoka ukuta uliokuwa na ufa. Nilichagua kuipanda vuli badala ya masika, maana katika sehemu hizi za mashariki vuli huaminika zaidi. Wanafunzi wangu huikumbuka kanuni hiyo kwa urahisi: kivuli hupandwa vuli. Kitaluni sikuchukua mche mrefu kuliko yote. Mche uliokaa kwenye mfuko miaka miwili huwa umejiviringisha mizizi kama kamba ndani ya kikapu, na mizizi iliyozoea kuzunguka huendelea kuzunguka hata ardhini. Nilichukua wenye kimo cha goti, shina nene, majani ya kijani kibichi. Nilichimba shimo la futi mbili kila upande, nikautenga udongo wa juu na wa chini, kisha nikaurudisha ule wa juu ukiwa umechanganywa na samadi iliyooza vizuri. Mfuko niliuchana na kuutoa. Nasisitiza hili kwa sababu nimewaona watu wazima, wenye shahada, wakipanda mche pamoja na mfuko wake.

Vuli ya mwaka huo, kama wengi watakavyokumbuka, ilinyesha kupita kiasi. Udongo mweusi hugeuka bwawa, nao mche huzama ukiwa umesimama. Kwa bahati nzuri jirani mmoja alikuwa amenishauri niupande juu ya kichuguu cha udongo, shingo ya shina ikiwa juu ya usawa wa ardhi. Mahali pakavu mtu hufanya kinyume chake: hulifanyia shina bakuli la udongo la kukinga maji. Nilipokwisha nilitandaza majani makavu kuuzunguka, nikaacha nafasi ya kiganja ili yasiligusane na shina na kuliozesha.

Kisha mvua ikatususa. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022 sehemu kubwa za maeneo makavu ya nchi hii zilikosa mvua ya kutosha misimu mitano mfululizo. Kijito jirani kilikuwa njia ya vumbi. Mti haukuishi kwa mvua. Uliishi kwa mtungi mmoja wa lita 20 wa maji ya kusuuzia nguo kila Jumamosi, yakimiminwa polepole ili yazame. Maji kidogo ya kila siku huifundisha mizizi kukaa juu juu. Maji mengi mara moja kwa juma huituma chini. Nimepogoa matawi ya chini mara tatu tu, kila mara machache, kwa kuwa mti mchanga unaonyolewa kwa pupa hurefuka bila ya kunenepa.

Walimu watanisamehe nikiyapeleka haya shuleni. Serikali ilitangaza mwaka 2022 azma ya kupanda miti bilioni 15 ifikapo 2032. Ukiigawa kwa Wakenya waliohesabiwa katika sensa ya 2019, kila kichwa kinadaiwa miti zaidi ya 300, watoto wachanga wakiwemo. Tarehe 13 Novemba 2023 tulipewa hata siku ya mapumziko ili tupande. Nilihudhuria shughuli katika shule moja jirani. Wageni walipanda, picha zikapigwa, hotuba zikatolewa. Juma lililofuata shule zilikuwa zimefungwa, na hakuna aliyekuwa amepangiwa kunywesha. Nilipopita Februari nilihesabu vijiti. Lugha yetu inatofautisha kupanda na kukuza, lakini ratiba zetu zinajua neno moja tu.

Lau ningekuwa mwalimu mkuu, ningepanda miti sita badala ya mia sita. Ningeipanda pale ambapo wanafunzi husimama kwenye foleni ya chakula na pale wanapongojea basi. Kila mti ungekuwa na darasa lake, na darasa hilo lingejua jina lake kwa Kiswahili, kwa lugha ya eneo lile na kwa Kilatini, na lingejua nani anaishi karibu na shule wakati wa likizo na ana mtungi. Insha za mwaka huo zingepata mada isiyotoka kitabuni.

Mukinduri wangu sasa umelipita paa. Ufa niliuziba, nao haujarudi. Mama yangu amezeeka na safari ya basi inamchosha, lakini alikuja Januari, akaketi chini yake kuanzia saa nane hadi magharibi bila ya kukisogeza kiti. Aliniuliza lusiola yake iko wapi. Nikamwambia.

Jirani yangu wa upande wa magharibi alikuwa na malalamiko wakati fulani. Majani yalikuwa yakiangukia mfereji wa paa lake, naye alinitaka nilikate tawi moja lililovuka ukuta. Nilikubali, nikamwita kijana mwenye msumeno. Asubuhi kivuli cha mti huangukia kwake, na kijana alipofika saa tatu alimkuta mama mkwe wa jirani amekaa papo hapo, akichambua mboga, na watoto wawili wanamalizia kazi ya shule mkekani. Jirani alitoka, akawatazama, akanitazama mimi juu ya ukuta, kisha akamwuliza yule kijana angetaka shilingi ngapi kusafisha mfereji.